Ndoo mbili, glavu na taulo: ninavyolinda rangi ya Crown nyeusi Dodoma

Nimeitumia kiangazi chote cha Dodoma na mvua zilizofuata, kwa hiyo sasa naweza kuizungumzia kwa uhakika: seti ya kuoshea gari niliyoagiza kutoka Kariakoo. Ilikuja na glavu ya maikrofaiba yenye manyoya marefu, nyavu mbili za plastiki za kukaa chini ya ndoo, shampuu ya gari chupa ya lita moja, taulo mbili kubwa za kukaushia na kipulizo cha povu cha kupampu kwa mkono. Ndoo nilitafuta mwenyewe, zile za rangi za lita 20 ambazo watu huziosha na kuziuza tena. Pamoja na nauli ya mzigo, sikufika laki moja na nusu.

Inalinda rangi, tena sana. Ila si vyote vilivyomo vina thamani sawa, na kimoja ningekiacha dukani.

Gari ninaloosha ni Toyota Crown nyeusi, nalikodisha kwa maharusi. Kazi hii inategemea rangi. Bibi harusi anashuka, taa ya mpiga video inapiga ubavuni mwa gari, na kila mkwaruzo unaonekana kwenye picha ambazo familia itazitunza miaka yote. Gari nililinunua mkononi, na boneti lake lilikuwa limejaa michirizi myembamba ambayo kivulini huioni. Ukilitoa juani, jua lenyewe linaonekana katikati ya utando wa miduara. Watu wengi wanadhani miduara hiyo imetokana na mkono wa mwoshaji kuzungusha kitambaa. Mikwaruzo huwa inakwenda kila upande, lakini ile tu inayokaa kukingama na mwanga ndiyo inayong'aa, kwa hiyo macho yanaona duara kuizunguka taa. Sogea hatua mbili na duara linakufuata. Ndiyo maana mtu anaweza kuosha kwa mistari iliyonyooka kabisa na bado akaacha miduara, kama kitambaa chake kina mchanga.

Kabla ya kununua chochote nilimpelekea fundi wa polishi. Alisoma namba ya rangi kwenye kibati cha gari, 202, akatikisa kichwa. Nyeusi hii ya Toyota inajulikana na mafundi kwa ulaini wake, na mara nyingi haina klia juu, yaani ule utando mwangavu unaofunika rangi kwenye magari mengi ya siku hizi. Alipoanza kupiga mashine, pedi yake ikageuka nyeusi. Hapo unajua kinachosuguliwa ni rangi yenyewe. Hata kwenye magari yenye klia, utando huo kwa kawaida ni mikroni 40 hivi au 50, mwembamba kuliko unywele wa watu wengi, na kila polishi inaondoa kidogo ili kusawazisha mikwaruzo. Fundi akaniambia wazi: "Dada, hii naweza kukurudishia leo, lakini sina cha kukurudishia kila mwaka." Kazi ilitoka nzuri mno. Kuanzia siku hiyo nikajua kwamba rangi ni akiba inayopungua kwa kila polishi, na njia pekee ya kuitunza ni kwenye kuosha.

Sasa nieleze kinachoharibu, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi za watu zinapotea. Maji hayakwaruzi rangi, wala povu halikwaruzi. Kinachokwaruza ni mchanga unaoburutwa. Dodoma imezungukwa na vilima vya mawe ya graniti, na mchanga unaotokana na mawe hayo umejaa kwatzi, madini yanayoweza kukwaruza hata kioo. Upepo wa Agosti unaumwaga juu ya gari usiku kucha. Asubuhi mtu anakuja na dasta kavu, anapitisha juu ya boneti mara tatu, gari linaonekana safi, na tayari amelipiga msasa. Sehemu nyingi za kuoshea magari zina tatizo la aina hiyo hiyo kwa njia nyingine: ndoo moja kwa magari kadhaa, sponji iliyotoka kwenye rimu ya lori inahamia mlangoni kwa gari dogo, na tambara linalookotwa chini likakung'utwa tu. Vijana wale wanafanya kazi ngumu kwa malipo madogo na siwalaumu. Hakuna aliyewapa ndoo ya pili.

Ndoo ya pili ndiyo moyo wa mpango wote. Moja ina maji ya shampuu, nyingine ina maji matupu ya kusuuzia glavu. Unachovya kwenye shampuu, unaosha kipande kidogo, unasuuza glavu kwenye maji matupu huku ukiisugua kwenye wavu ulioko chini, unaikamua, ndipo unarudi kwenye shampuu. Wavu unazuia mchanga ulioshuka usipande tena. Kijana anayenisaidia aliniuliza mwanzoni, "Dada, hii ndoo ya pili si kupoteza maji?" Tulipomaliza nikamwambia aimwage taratibu, aangalie chini. Kulikuwa na tabaka la mchanga mwekundu ambalo unaweza kulichota kwa kiganja. Ule wote, kwa njia ya kawaida, ungekuwa unazunguka juu ya rangi. Hajauliza tena, na sasa anaosha vizuri kuliko mimi.

Glavu yenyewe naipa alama zote. Manyoya yake marefu yanaimeza chembe ya mchanga ndani, mbali na rangi, tofauti na sponji ambayo uso wake ni bapa na mchanga unabaki katikati ya sponji na gari. Siikandamizi, uzito wake wenyewe ukiwa na maji unatosha. Naanza paa, vioo, boneti na buti, halafu milango kutoka juu kwenda chini, na sehemu ya chini kabisa ya milango na bampa inakuwa ya mwisho kwa sababu ndiko kunakokaa matope. Rimu zina kitambaa chao na ndoo yao kuukuu. Hizo hazikutani na glavu hata siku moja.

Taulo nazo ni nzuri, ila zinadai adabu. Zimefumwa kwa poliesta na poliamidi, zinanyonya maji mengi, na unaziweka juu ya rangi na kuzibonyeza au kuzivuta polepole bila kusugua. Ukizifua pamoja na nguo za pamba zinaokota nyuzi. Ukitia kilainisha nguo zinaacha kunyonya. Ikianguka chini, taulo hiyo imeshahama kazi: ni ya ndani ya milango au ya injini, hairudi kwenye boneti hata ikifuliwa.

Shampuu ni nzuri bila kuwa ya ajabu. Faida yake ni utelezi, glavu inapita bila kukwama, na haiondoi waksi. Sabuni ya unga ya kufulia ina ukali wa kuondoa mafuta, na waksi inaondoka nayo. Hilo nimeliona kwa macho kwenye matone ya maji: upande ulioshwa kwa shampuu matone yanasimama mviringo kama siku ya kwanza, wakati ule ulioshwa kwa sabuni ya unga na kijana wa ukumbi mmoja, akidhani ananisaidia, maji yalitandaa yakalala. Ilibidi nipake waksi upya mlango huo.

Kipulizo cha povu ndicho ambacho ningekiacha. Wazo ni zuri, povu linalainisha vumbi kabla ya kuguswa, lakini hiki cha kupampu kwa mkono kinatoa povu jepesi linaloteremka mara moja, na mpira wake wa ndani ulianza kuvuja mapema. Mwenye mashine ya presha na bunduki ya povu atapata matokeo mengine kabisa. Mimi niliishia kutumia keni ya kumwagilia maua, ile yenye kichwa chenye matundu. Nalilowesha gari lote, naacha dakika chache vumbi lilainike, nalilowesha tena, ndipo glavu inagusa. Kwa sehemu ambayo maji ya bomba hayatoki kila siku, keni inamaliza kazi kwa maji machache na bila umeme.

Maji ya Dodoma yanastahili aya yake. Sehemu kubwa tunatumia maji ya visima, na mengi yana chumvichumvi. Yakikauka juu ya rangi nyeusi yanaacha madoa meupe ya duara, na yakipikwa na jua letu la juu huku yanang'ang'ania, kiasi kwamba mtu anashawishika kuyasugua kwa nguvu, na hapo mikwaruzo inarudi. Kwa hiyo sioshi gari mchana wala likiwa limetoka safari boneti bado la moto. Naosha alfajiri au jua likishazama, naosha upande mmoja na kuusuuza kabla ya kwenda mwingine. Maji ya mvua niliyokinga kwenye simtanki nayatunza kwa ajili ya kusuuza mara ya mwisho tu. Hayaachi doa, na tofauti yake kwenye nyeusi inaonekana hata kwa mtu asiyejali magari.

Jambo ambalo wenzangu wa magari ya harusi watalielewa ni mapambo. Maua yenye vikombe vya mpira vya kunasa kwenye boneti yakibandikwa juu ya vumbi, kikombe kinasaga mchanga mahali pamoja njia nzima. Riboni ndefu inayopepea nayo inachapa rangi ikiwa na vumbi lake. Sasa mpambaji akifika anakuta boneti limeshaoshwa na kukauka, na mkataba wangu unasema riboni zivutwe zikaze. Dereva ana maagizo kwamba kwenye kumbi hakuna dasta, hata mwenye dasta akiwa na nia njema kiasi gani. Tukifika na vumbi, tunabaki na vumbi, au tunalimwagia maji ya chupa bila kugusa. Kinyesi cha ndege tunakiwekea kitambaa kilicholowa mpaka kilainike, kisha tunakiinua, hatukifuti.

Mtu alinipa pia dawa ya kunyunyiza na kufuta bila maji. Kwa gari lililolala gereji huenda inafaa kwa alama za vidole. Kwa vumbi letu jekundu, hapana. Kufuta ni kuburuta, hata dawa iwe laini vipi.

Je, inafaa kwa kila mtu? Mwenye gari jeupe au la fedha hataona tofauti haraka, kwa sababu rangi hizo zinaficha michirizi, ingawa nayo inajijenga vilevile. Mwenye muda mdogo anaweza kununua glavu na nyavu tu, akampelekea mwoshaji wake na kumwongezea kidogo kwa ajili ya ndoo ya pili. Kama ningekuwa na shilingi elfu ishirini pekee, zingeenda hapo kabla ya waksi, kabla ya dawa yoyote ya kupaka inayosifiwa. Rangi ya kwanza kabisa ya kulinda ni ile ambayo bado haijakwaruzwa.

Juzi nilipita kwa fundi wa polishi tukalitazama boneti kwa tochi ya simu. Kuna michirizi michache karibu na mshikio wa mlango wa nyuma, kucha na pete za wageni, na hiyo haina wa kulaumiwa. Boneti, paa na buti amesema hayahitaji mashine mwaka huu. Glavu ya kwanza imeanza kukonda manyoya upande wa kidole gumba, nimeshaihamishia kwenye rimu, na nyingine mbili zipo njiani kutoka Kariakoo.