Pochi ya kaktasi mezani kwa fundi wa ngozi

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza la kila anayeishika pochi hii ya kitambaa cha kaktasi hapa mezani kwangu Kariokor, Nairobi. Mteja aliyeniletea aliinunua Guadalajara, Meksiko, na ukigeuza pesa za kule inafika kama shilingi 6,500 za Kenya. Kwa hela hiyo nakushonea pochi mbili za ngozi ya ng'ombe na mkanda juu, na ya chai inabaki. Kwa hiyo sitaihurumia.

Mteja mwenyewe ni dada aliyeachana na nyama na kila kitu cha mnyama, hata viatu. Amekuwa akinisumbua nimshonee mkoba usiotokana na ng'ombe, nami nikimjibu kwamba reksini ipo tele Gikomba. "Fundi, hiyo ni plastiki tupu," huniambia. Aliporudi safari akaniwekea pochi hii nyeusi na chupa ya mboga ya kaktasi, akataka nivijaribu vyote viwili nimpe ukweli. Tangu mwaka jana pochi inakaa mfuko wa nyuma wa suruali yangu, kwenye matatu, kwenye mvua, kwenye kigoda changu cha kazi ambacho hakina mto.

Mkononi ni nzuri. Lazima niseme hivyo. Ni nyepesi, laini, uso wake umechapwa vinyweleo vya ndama, na mtu asiye wa kazi hii hawezi kuitofautisha kwa macho. Kwa pua anaweza: haina harufu ya ngozi kabisa, na siku za kwanza ilikuwa na harufu kidogo ya rangi ya ukutani, ikaisha. Jirani yangu anayeshona sandali za shanga aliikunja, akaikunjua, akainusa, akasema hii ni reksini iliyosoma shule.

Hakuwa mbali na ukweli. Nilifumua mshono wa mfuko mmoja wa kadi nikaitazama kwa ubavu. Juu kuna utando mwembamba unaong'aa, katikati tabaka lenye sponji kidogo, chini kitambaa kilichofumwa. Kaktasi iko katika mpako, imesagwa unga. Kilicho maarufu zaidi katika vitambaa vya namna hii ni Desserto, kilichobuniwa na vijana wawili wa Meksiko, Adrián López Velarde na Marte Cázarez, wakakionyesha Milan kwenye maonyesho ya ngozi ya Lineapelle mwezi Oktoba 2019. Shamba lao liko jimbo la Zacatecas. Wanakata majani mapana yaliyokomaa tu, mmea unabaki umesimama, na baada ya miezi sita hadi minane wanakata tena. Majani yanaanikwa juani siku tatu hivi, yanasagwa, unga unachanganywa na poliurethani, kisha mchanganyiko unapakwa juu ya kitambaa. Lebo ya pochi yangu haisemi kitambaa kimetoka kiwanda gani, kwa hiyo simbebeshi mtu yeyote lawama ya ninayoyasema hapa chini.

Poliurethani ndiyo hiyo plastiki ambayo dada alikuwa anaikimbia. Mwaka 2021 watafiti wa taasisi ya FILK mjini Freiberg, Ujerumani, walichapisha vipimo vya ngozi halisi pamoja na vitu vinavyotaka kuchukua nafasi yake, kikiwemo hicho cha Zacatecas, na wakakiweka kwenye fungu la vitambaa vilivyopakwa poliurethani. Mimi nimefikia hapo hapo kwa wembe. Haimaanishi kaktasi ni uongo. Imo, na kila kiasi cha unga wake kinachoingia kinapunguza mafuta ya petroli kwenye mpako. Lakini anayekuuzia akikwambia hii inaoza shambani kama ganda la ndizi, rudisha pesa yako mfukoni.

Sasa kazi yenyewe, na hapa nitakaa kidogo, maana wanaoisifu mtandaoni wengi hawajawahi kushika msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi. Ngozi ya ng'ombe ina nyuzinyuzi zilizosokotana ndani kwa ndani. Nikitaka kuikunja ukingo, naipunguza unene kwa kisu kutoka nyuma, na inabaki na nguvu. Hii ukiipunguza kutoka nyuma unakata kitambaa, na kitambaa ndicho kinachobeba mzigo wote. Kwa hiyo aliyeshona pochi hii hakukunja, alikata wima akapaka rangi ukingoni. Kona mbili zimeshaanza kumenyeka na uzi mweupe wa kitambaa unachungulia. Hilo ni kosa la mshonaji, si la kaktasi. Kwa kitambaa chembamba kama hiki angekunja kizima kizima bila kupunguza, akagonga kwa nyundo, akashona.

Jambo la pili ni tundu. Ngozi ukiitoboa inajibana tena kuuzunguka uzi wenye nta. Hii haijibani. Tundu ni tundu, basi. Mshono wa pochi hii una hatua za milimita mbili, unapendeza kweli, ila sehemu ya mkunjo tayari matundu yameanza kujivuta kuelekeana. Ningeshona kwa milimita nne na sindano nyembamba. Gundi inashika vizuri upande wa kitambaa, na kwa upande wa uso lazima upige msasa kwanza, la sivyo inabanduka yote kama ilivyo.

Kwa maji haina mpinzani. Mvua ya Aprili iliilowesha, nikaifuta na leso, haikuacha hata doa. Ngozi isiyopakwa kitu ingekunjamana. Usiipake rangi ya viatu, haiingii popote, itakuchafulia suruali. Kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kinatosha. Kinachonitia wasiwasi ni miaka ijayo: unyevu na joto huila poliurethani polepole, na yeyote mwenye kochi la reksini Mombasa anajua jinsi linavyobanduka magamba siku moja bila kuaga. Watengenezaji wa Desserto wanasema kitambaa chao kinadumu miaka kumi. Nina mkanda wa marehemu baba uliotiwa dawa ya magome ya miwati, na umenipita umri.

Kuhusu mazingira, sitajitetea sana. Viwanda vyetu vingi vya ngozi vinatumia kromiamu kutia ngozi dawa, na anayetaka kujua maana yake akasimame karibu na mtaro wa kiwanda kisichosafisha majitaka. Kaktasi kwa upande wake inafungua vinyweleo vyake usiku kuvuta hewa, wakati jua halipo, ndiyo maana haipotezi maji mengi, na kule Zacatecas hawaimwagilii, inategemea mvua. Hapo dada ananishinda. Ninachomwomba ni asinishinde kwa maneno ya lebo.

Ile chupa ya mboga sasa. Ni nopales, majani machanga ya kaktasi ile ile ya jamii ya dungusi, yamenyolewa miiba, yakakatwa vipande vyembamba kama vijiti vya karoti, yakawekwa kwenye siki pamoja na kitunguu na pilipili. Wameksiko wanayala kama sisi tunavyokula sukuma wiki. Wilaya ya Milpa Alta, kusini mwa Jiji la Meksiko, inajulikana kwa mashamba yake, na mmea wenyewe umo kwenye bendera yao, tai amesimama juu yake. Nyumbani mke wangu alichuja siki, akayakaanga na kitunguu, akavunjia mayai. Ni machachu kiasi, yanatafunika, na yana ule utelezi wa bamia ambao watoto wangu hawaupendi. Mimi na ugali nilimaliza. Siki ya chupa imezidi, suuza mara moja kabla ya kupika. Nampa mpishi wa kiwanda alama saba kwa kumi, na mke wangu tisa.

Chupa hiyo ndiyo iliyonikumbusha kwamba kaktasi tunayo hapa, na hatuna haja ya kuifuata Guadalajara. Laikipia imeingiliwa na dungusi kutoka Amerika, ile wataalamu wanayoiita Opuntia stricta, iliyoletwa enzi za wakoloni iwe ua wa boma, ikatoroka. Tembo na nyani wanakula matunda yake na kusambaza mbegu. Mbuzi wanakula pia, na vimiiba vidogo vinawachoma midomo, ulimi na utumbo mpaka wengine wanashindwa kula. Ukienda upande wa Doldol unaona malisho yamegeuka ua wa miiba. Serikali na wafugaji wamejaribu kuing'oa, na kuna mdudu mweupe kama pamba anayeachiliwa aifyonze mpaka ikauke. Na kuna vikundi vya akina mama walioamua kuchuma matunda wakatengeneza jemu na juisi.

Jemu hiyo niliinunua duka dogo mjini Nanyuki, shilingi 450 chupa ndogo. Naandika bila kuitaja jina kwa sababu lebo ilikuwa na namba ya simu ya mama mmoja tu, na sidhani anataka wageni wote wa mtandao. Rangi ni zambarau iliyoiva, inatia doa kwenye mkate na kwenye kidole. Ladha iko kati ya zambarau ya porini na ukwaju mwepesi, na utamu hauzidi, maana wametia ndimu. Mbegu wamezichuja zote, kazi ambayo si ndogo: ni ngumu kama changarawe na tunda moja linazo nyingi. Kasoro ni mbili. Jemu ni nyepesi mno, inateleza pembeni mwa mkate, ingechemshwa dakika kadhaa zaidi, ingawa najua ukiichemsha sana rangi ile inageuka kahawia na ndipo uzuri wote unaondoka. Na kifuniko changu kilikuwa na kutu kwa ndani. Mama, badilisha vifuniko, hata kwa kuongeza shilingi ishirini tutalipa.

Dada wa mkoba amenipigia tena wiki hii. Nimemwambia alete mita moja ya kitambaa cha kaktasi, nitamshonea: ukingo wa kukunja, mshono wa milimita nne, mishikio iwe na utepe wa pamba ndani ili mpako usibebe uzito. Nusu ya malipo mbele. Kompyuta asiweke humo.