Mzalendo: Kumfuatilia Mbunge kwa Maneno, Kura na Fedha

Kwa majuma matatu nimekuwa nikitumia Mzalendo, tovuti inayofuatilia kazi za wabunge wa Kenya, kufuatilia rekodi ya mbunge wa eneo letu. Nilitaka kujua mambo matatu: alipigaje kura, fedha za umma zilizoletwa katika eneo bunge zilitumikaje, na alipita katika chaguzi zipi hadi kufika alipo. Nimeridhika kiasi cha kuipendekeza kwa kila Mkenya mwenye kadi ya kura, ila msomaji ajue mapema kwamba tovuti hii hujibu vizuri zaidi swali la nne ambalo sikuwa nimeliuliza, yaani mbunge amesema nini.

Ory Okolloh na Conrad Akunga waliianzisha mwaka 2005, wakati raia wa kawaida alipokuwa na taabu kubwa kupata kumbukumbu za Bunge, na mwaka 2012 ikafanyiwa ukarabati mkubwa. Uti wa mgongo wake ni Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za yanayosemwa bungeni. Nilifungua ukurasa wa mbunge wetu kwenye simu nikasoma michango yake mmoja baada ya mwingine, na hapo ndipo nilipouona uzito wa kazi hii, kwa sababu mtu anayenguruma kwenye mazishi na harambee nilimkuta bungeni akisimama kusema "Naunga mkono" na kuketi. Siku nyingine, hata hivyo, alizungumzia uhaba wa maji kwa hoja zilizopangika, na nikalazimika kumpa haki yake. Hansadi huandikwa kwa lugha aliyoitumia msemaji, kwa hiyo mbunge anayechangia kwa Kiswahili utamsoma kwa Kiswahili chake mwenyewe, jambo ambalo mimi binafsi nalithamini sana.

Tathmini ya kila mwaka ambayo shirika linaloendesha tovuti hii huitoa kuhusu utendaji wa wabunge isomwe kwa uangalifu. Hutegemea mno yaliyosemwa ukumbini, na wabunge kadhaa wamelalamika kwamba jasho lao katika kamati halihesabiwi. Naona malalamiko hayo yana msingi, kwa kuwa miswada mingi huchambuliwa kifungu kwa kifungu katika kamati.

Kwenye kura ndipo penye ugumu, na chanzo chake ni utaratibu wa Bunge lenyewe. Maamuzi mengi hupitishwa kwa sauti: Spika huwauliza wanaoafiki, kisha wanaopinga, husikiliza upande upi umevuma zaidi, na Hansadi hubaki na matokeo ya hoja pasipo jina la mtu. Majina hurekodiwa panapopigwa kura ya mgawanyiko, ambapo kila mbunge huhesabiwa peke yake. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 25 Juni 2024, Mswada wa Fedha ulipopitishwa kwa kura 195 dhidi ya 106, na vivyo hivyo tarehe 8 Oktoba mwaka huohuo, wabunge zaidi ya 280 walipounga mkono kumwondoa Naibu Rais Rigathi Gachagua huku 44 wakipinga. Siku kama hizo mwananchi anaweza kuweka kidole chake juu ya jina la mbunge wake na kuona alisimama wapi. Anayetaka rekodi ya kura aanzie kwenye orodha hizo, kisha arudi Mzalendo kusoma mbunge huyo alisema nini kuhusu mswada uleule.

Kwa upande wa fedha, tovuti hii peke yake haitoshi. Hazina ya Ustawi wa Maeneo Bunge hukaguliwa na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na ripoti zake hutaja mradi kwa jina, kiasi kilichotengwa, na kasoro zilizoonekana, kama vile basari zilizolipwa bila barua za shule kuthibitisha kuwa zimepokewa. Ni kusoma kunakochosha, lakini ukikuta jina la shule ambayo unapita mbele yake kila asubuhi, uchovu huo huisha.

Historia ya uchaguzi haikunichukua muda mrefu. Matokeo ya ubunge hutangazwa kwa Fomu 35B, fomu ya matokeo ya eneo bunge zima, nami nilinakili chama alichogombea mbunge wetu kila mara. Katika maeneo mengi utakuta aliyechaguliwa kwa chama cha Jubilee mwaka 2017 akirudi kwa chama cha UDA mwaka 2022, na ukiiweka tarehe ya kuhama kwake karibu na kura alizopiga, utaelewa zaidi kuliko ukisoma kimoja bila kingine.

Ombi langu kwa wanaoiendesha Mzalendo ni kwamba kura za mgawanyiko ziwe ndizo anazokutana nazo msomaji kwanza anapofungua ukurasa wa mbunge, na idadi ya hotuba ifuate. Mimi nimefungua daftari lenye safu tatu, nami nitaendelea kulijaza hadi uchaguzi wa Agosti 2027. Safu ya maneno imekwisha kujaza kurasa nne. Ya kura haijafika nusu ukurasa.