TAHADHARI: Kabla hujanunua franchaizi ya kupaka rangi nyumba, mtafute aliyetoka

Jamani naombeni mnisome, hasa wewe mwenye hela ya kiinua mgongo au akiba umekaa nayo na umeanza kuona yale matangazo ya "miliki biashara yako ya kupaka rangi, huhitaji ujuzi, mfumo upo tayari". Mimi niliingia. Nilikaa miezi 18, nimetoka akiba imeisha na deni juu. Kampuni siitaji jina, maana mchezo huu hauchezwi na mmoja, ukiujua utawatambua hata wakibadilisha nembo.

Kwa asiyejua, unalipa ada ya kuingia, unapewa jina lao, sare, programu ya kutolea kotesheni na eneo lako, halafu wao wanakata chao kwenye kila kazi. Hilo lenyewe si wizi, zipo kampuni zinafanya hivyo kihalali na watu wanakula. Shida ni pale kampuni inapoishi kwa kuuza maeneo na siyo kwa nyumba zinazopakwa rangi.

Mrabaha, yaani hicho chao wanachokata, wanaukata kwenye mauzo, siyo kwenye faida. Hapa ndipo nilipoumia. Kwangu mimi kila 100 aliyolipa mteja, mafundi waliondoka na 45, rangi na praima na puti na msasa 20, kampuni ikachukua mrabaha 8, mfuko wa matangazo 3, na ada ya programu na kituo cha simu ukiigawa kwa kazi nilizokuwa napata inafika kama 9. Imebaki 15, na hapo hujaweka mafuta ya gari, hujaweka bima, hujarudia kazi iliyoharibika. Na kuna kiwango cha chini cha kuwalipa kila mwezi, ufanye kazi usifanye. Mwezi wa mvua ukuta wa nje haukauki, sikupaka hata nyumba moja, Jumatatu asubuhi ujumbe wa benki ukaingia, wameshavuta, kwa sababu nilisaini kuwaruhusu wachukue moja kwa moja kwenye akaunti yangu. Hela ile nilikuwa nimeitenga ya ada ya watoto.

Mafunzo yalikuwa siku 5. Siku 4 ni kuuza tu, namna ya kukaa na mteja mezani, namna ya kutaja bei halafu unyamaze. Kuandaa ukuta, nusu siku. Unyevu hakuna aliyeutaja. Nyumba yangu ya tatu, mama mmoja mtu mzima, sebule yake imepakana na bafu, tukapiga koti mbili ukuta ukapendeza kweli. Wiki ya tano ananipigia. Nafika nakuta rangi imevimba malengelenge, nikabonyeza moja kwa kidole maji yakanitiririkia mkononi. Bomba lilikuwa linavuja ndani ya ukuta, na fundi rangi mzoefu angeupapasa tu ule ukuta akajua. Garantii niliyompa ilikuwa na nembo ya kampuni ila mkataba unasema gharama zote zangu, nikabandua mpaka plasta nikarudia bure, na yule mama hakuwa na kosa lolote. Tena kuna hili la rangi za zamani zenye madini ya risasi, Marekani walizipiga marufuku majumbani tangu 1978 kwa sababu vumbi lake linadhuru ubongo wa watoto, na sisi tulipewa msasa tukaambiwa tusugue, hakuna aliyetuuliza nyumba ina umri gani.

Sasa lile lililonifanya niandike. Kabla sijasaini walinipa namba 3 za "wamiliki wenzako" niwapigie, wote wakasifia, na baadaye nikaja kujua wawili kati yao wanalipwa kamisheni kwa kila anayejiunga. Halafu siku moja niko mlangoni kwa mteja, ngazi begani, akaniangalia sare akasema mbona mwaka juzi alikuja mwingine na nguo hizi hizi tukampa dipoziti hakurudi? Nikaishiwa nguvu. Kumbe eneo langu lilikuwa na mwenyewe kabla yangu. Nikamtafuta mpaka nikampata, na kwa dakika 20 alinieleza kila kitu kilichonikuta mwaka mzima kana kwamba tulikuwa wote. Yeye alilipa ada ya kuingia, mimi nikalipa tena kwa eneo lile lile.

Marekani sheria inawabana wakupe hati ya maelezo siku 14 kabla hujasaini wala kulipa chochote, yenye vipengele 23, ndani yake kuna kesi walizonazo na orodha ya walio kwenye biashara pamoja na waliotoka mwaka uliopita na namna ya kuwapata. Wakikutajia utapata faida kiasi gani, hayo madai lazima yawe yameandikwa humo. Kama uliko hakuna sheria ya hivyo, yadai hayo hayo kwa maandishi, na mkataba umpelekee wakili asiyelipwa na wao. Muuzaji wao akikwambia "ofa inaisha Ijumaa" mwache aende.

Na kutoka siyo rahisi. Namba ya simu ni yao, wateja wameenda na namba, mimi nimezuiwa kupaka rangi kwa jina langu miaka 2, na kwa kuwa nilisaini dhamana binafsi deni limenifuata nyumbani. Mke wangu naye alisaini pale pale, kwa kuniamini mimi, na hilo ndilo linaniuma kuliko hela.

Wiki iliyopita nimeona wanalitangaza tena lile eneo. Kama ni wewe umepigiwa simu, waulize nani alikuwa nalo kabla yako, wakupe jina, na uongee naye kabla hujatoa hata dipoziti.