Taa ya bafuni: ipi uchukue kwanza, ipi uiache dukani

Wengi tukijenga hela inaishia sebuleni, bafuni fundi akikuuliza aweke nini unamjibu weka holda na globu tu. Na bafuni ndo penye maji na mvuke kila siku, tena nyumba nyingi choo na bafu ni chumba kimoja, familia nzima inapita humo asubuhi.

Kwangu namba moja ni balkhedi ya LED, ile ya duara au ya umbo la yai iliyofungwa kote na ina mpira chini ya mfuniko. Haina urembo, wengi wanaifunga ukuta wa nje, ila ndo inayodumu. Geuza boksi utafute herufi IP na tarakimu mbili mbele yake. IP20 haina kinga yoyote ya maji, irudishe. IP44 inavumilia maji ya kurukiwa, na IP65 hata ukiimwagia maji kwa mpira wa kumwagilia bustani haiingizi. Kama shawa iko karibu na taa chukua IP65, hapo usibane hela. Bafu la mita 2 kwa 2 wati 12 zinatosha kabisa.

Namba mbili ni taa za kwenye kioo, na hizi watu wanazidharau sana. Taa ya darini peke yake inakutupia kivuli chini ya kidevu na machoni, ukinyoa ndevu unaruka sehemu, ukipaka poda unatoka nje kwenye jua unakuta uso rangi yake na shingo rangi yake. Funga mbili, moja kila upande wa kioo, usawa wa uso. Kama bajeti ni ya moja basi ikae juu ya kioo, isiwe nyuma ya mgongo wako. Alafu angalia rangi ya mwanga, inaandikwa kwa namba yenye K mwishoni: madukani zimejaa za 6500K, ile nyeupe inayovuta kwenye bluu, inafanya ngozi ionekane kama ya mgonjwa. Mi nachukua 4000K kwa ajili ya kioo, 3000K ya manjano ni tamu usiku ila kwa kunyoa haikusaidii.

Paneli za kubandika darini naziweka namba tatu kwa sababu ya bei tu. Nyingi ni IP20. Nilifunga moja kwangu, baada ya miezi michache wadudu wamekufa wamelala chini ya plastiki, skrubu zimeshika kutu na mstari wa kahawia umeshuka ukutani mpaka kwenye tailizi, fundi kuifungua anakuta pale waya zinaposhikia pameota kijani. Ukiwa unakaa pwani na ile chumvi ya hewani ndo usiiguse kabisa.

Dauni laiti, zile taa ndogo zinazozama ndani ya dari, ni nzuri kama una dari ya jipsam na umepata zilizozibwa mbele, vinginevyo mvuke unapandia humo humo. Globu ya uchi kwenye holda ya pini ndo ya mwisho, holda inaoza na siku ya kubadilisha globu inagoma kutoka.

Swichi ikae nje ya mlango, na taa yenye mwili wa bati fundi aivutie waya wa athi, ule unaopeleka ardhini umeme ukivuja. Ukiwa dukani mwambie muuzaji aiwashe hapo hapo, alafu afungue mfuniko uone mwenyewe kama ule mpira upo na umezunguka mzima.