Ukanda wa matende na kaseti ya kichocho: vipimo viwili nilivyovichosha

Sifa ya kwanza ya ukanda wa kupimia matende ni kwamba unanipa usingizi. Kabla yake tulikuwa tukibisha hodi kati ya saa nne na saa nane usiku, maana watoto wa mnyoo Wuchereria bancrofti, katika sehemu nyingi, mchana hujificha mapafuni na usiku hutoka kwenye damu ya ngozini wakati mbu wanauma. Patrick Manson aliona mwaka 1877 kwamba mnyoo huyu hukua ndani ya mbu, na tangu hapo watu wa maabara tukawa popo. Mtu uliyemkatiza usingizi hakupi kidole kwa moyo mkunjufu.

Ukanda hauwatafuti watoto. Unanasa antijeni (chembechembe zinazotoka kwa mnyoo na kuingia kwenye damu) ya minyoo wakubwa, na hao wamo mwilini saa zote. Damu ya kidole mikrolita 75, unaidondosha polepole, unasubiri dakika kumi. Kumi kweli! Siku moja foleni ilinielemea, nikarudi kusoma trei nikiwa nimechelewa, nikakuta mistari imejaa. Nilirudia kwa kanda mpya, kadhaa zikatoka hasi. Sasa naandika saa ya kuanza kwa kalamu kwenye kila trei.

Ila msidhani usiku umekwisha. Mgonjwa akinywa dawa, watoto wa mnyoo hupungua kwenye damu lakini antijeni ya wakubwa inaweza kubaki muda mrefu, kwa hiyo aliyetoka chanya bado namfuata usiku kwa mikrolita 60 za damu kwenye slaidi. Na penye mnyoo Loa loa, ukanda unaweza kukudanganya kabisa.

Kaseti ya mkojo ya kichocho sina mapenzi nayo kiasi hicho. Inanasa kile minyoo inachotapika baada ya kula damu (ndiyo, tunapima matapishi ya mnyoo), na majibu husomwa baada ya dakika 20. Watoto wa shule wanaipenda kwa sababu kutoa mkojo hakuna aibu ya kubeba choo kwenye kopo. Tatizo ni mstari hafifu. Mwenzangu anaona mstari, mimi naona kivuli, na kila mmoja ana miwani yake. Tumeamua kusoma wawili bila kuambiana, na wa tatu anaamua.

Tena inafaa kichocho cha tumbo, Schistosoma mansoni. Cha kibofu inakipata kwa shida. Huko nachukua mkojo wa kuelekea adhuhuri, mililita kumi, naupitisha kwenye kichujio na kutafuta mayai yenye mwiba mkiani.

Kipimo cha zamani cha Kato-Katz sijakitupa: choo miligramu 41.7, unahesabu mayai, unazidisha kwa 24, unajua kila gramu ina mangapi. Mwiba wa ubavuni, alama ya yai la mansoni, ukiuona kwenye darubini, hakuna wa kubishana nawe. Maambukizi machache ndiyo hukiponyoka kipimo hiki, maana mayai ya leo si ya kesho, na hapo kaseti hukishinda.

Ukanda nyota nne, kaseti tatu. Ukiagiza chochote kati ya hivyo, agiza na saa yenye kengele.