Gelon au Dionysius: nani aliipa Syracuse zaidi?

Gelon aliitwaa Syracuse, koloni la Wagiriki kisiwani Sisilia, mwaka 485 KK; miaka mitano baadaye akaishinda Karthago, dola ya Afrika Kaskazini, pale Himera, kisiwani humo humo. Ushindi mkubwa kweli. Lakini siwezi kuwasahau watu wa Megara Hyblaea, mji mwingine wa Wagiriki kisiwani aliouteka: matajiri aliwapa uraia, makabwela akawauza utumwani nje ya kisiwa, ingawa hao ndio hawakuanzisha vita dhidi yake.

Dionysius wa Kwanza, aliyeitawala Syracuse 405–367 KK, naye alikuwa katili, akajizungushia kuta na askari wa kukodi kule Ortygia, kisiwa kidogo ambacho ni kitovu cha Syracuse. Hata hivyo, kwa ujenzi nampa yeye. Mafundi aliowakusanya mwaka 399 KK walibuni manati ya vita, na katika ngome ya Euryalus, iliyoulinda mji, mahandaki yaliyochongwa mwambani bado yanaonekana.