Simu kali na PS5: nina vyote viwili, haya ndo niliyoyaona

Wakuu, hili swali la kama simu za bei mbaya zinaweza kuchukua nafasi ya PS (PlayStation) nakutana nalo kila kona, na majibu mengi yanatolewa na watu ambao upande mmoja hawajawahi hata kuugusa, mwenye simu atakwambia PS imepitwa na wakati, mwenye PS atakwambia simu ni za watoto. Mi vyote ninavyo. PS5 iko sebuleni, simu yangu ni Android ya daraja la juu, kampuni siitaji kwasababu nitakayoyasema yanazihusu karibia zote, na mdogo wangu ana iPhone 15 Pro ambayo huwa ananiazima. Na nikisema gemu sizungumzii zile za kupanga pipi ukiwa kwenye foleni, naongelea gemu zenyewe, za stori, za magari, za mpira, zile tulizokua nazo tangu enzi za PS1 na PS2.

Nianze na nguvu maana hapo ndo watu wanabishana sana, na kiukweli hapo ubishi umeshaisha. iPhone 15 Pro ilitoka Septemba 2023 na chipu ya A17 Pro, mwezi uliofuata tu Capcom, watengenezaji wa gemu, wakaweka Resident Evil Village kwenye simu hiyo, Disemba ikaja Resident Evil 4 ile mpya (RE4), Januari 2024 Death Stranding, Juni Assassin's Creed Mirage. Hizi sio gemu za kupunguzwa punguzwa kama tulivyozoea zamani, yani ile unakuta jina tu ndo linafanana na la PS, hapana, ni gemu ile ile, ramani ile ile, stori ile ile mpaka mwisho. RE4 kwenye PS5 ilitoka Machi 2023, kwahiyo mwaka haujaisha tayari ipo mfukoni kwa mtu. Hilo linanifurahisha mpaka leo na sioni kwanini mtu alidharau.

RE4 nimeicheza kote kote. Kile kipande cha mwanzo Leon, yule mhusika mkuu, anapoingia kijijini, moto unawaka katikati, wanakijiji wanaanza kumzunguka na anatokea yule jamaa wa msumeno, kwenye skrini ya inchi 6.1 picha inavutia sana aisee, moshi, matope, mwanga wa moto kwenye kuta. Ila chukua adapta ya HDMI uichomeke kwenye USB-C ya simu upeleke kwenye TV, hapo ndo utaona kazi inavyofanyika, maana gemu inachorwa kwa ubora wa chini halafu inakuzwa kwa teknolojia ya MetalFX, kwenye skrini ndogo jicho halishtuki, kwenye TV kubwa unaona nywele za Leon na majani ya mbali yamejaa ukungu. PS5 kwenye TV hiyo hiyo ni habari nyingine kabisa, na inakwenda fremu (picha) 60 kwa sekunde wakati kwenye simu mi naona bora niifunge kwenye 30 ili isiyumbe yumbe.

Lakini hata hiyo mi sioni kama ndo hoja. Nguvu peke yake haijawahi kuwa tatizo la simu, ushahidi ni Nintendo Switch, mashine ya gemu ya kushika mkononi. Ile ilitoka Machi 2017 ikiwa na chipu ya Tegra X1, RAM 4GB, na prosesa ya aina ya Cortex-A57, aina ile ile iliyokuwa kwenye simu za 2015. Yani simu nyingi za bei ya kati za leo zimeshaiacha mbali. Na bado Switch ikauza zaidi ya mashine milioni 150 na ikabeba zile gemu mbili kubwa za Zelda ambazo watu wanazitaja kama gemu bora kuwahi kutokea. Kwanini? Kwasababu ina feni ndani, ina vitufe, na anayetengeneza gemu anajua kila mteja ana mashine ile ile, haangaiki na mamia ya modeli za Android kila moja na chipu yake na kiasi chake cha RAM. Vitu hivyo vitatu ndo simu inavikosa, na hakuna chipu mpya itakayovileta yenyewe.

Joto kwanza. PS5 ikiwa kwenye gemu zito inakula umeme kama wati 200 na ina feni kubwa ya kutoa hilo joto, ndo maana boksi lenyewe ni kubwa vile. Simu haina pa kupumulia, ni kioo mbele, kioo nyuma, na wewe umeishika. Simu yangu nikiiwekea gemu ya Genshin Impact, seting zote juu, dakika za mwanzo inateleza vizuri kabisa fremu 60, baada ya hapo unasikia karibu na kamera panachemka, mwanga wa skrini unajipunguza wenyewe bila kuulizwa, na pale penye maadui wengi na moto mwingi inaanza kukwama. Chumba cha Dar mwezi wa pili mchana bila AC usitegemee miujiza. Ukicheza huku umechomeka chaji ndo inazidi. Hii fizikia, sio ubovu wa simu fulani, na kampuni zenyewe zinajua, RedMagic, wanaotengeneza simu za gemu, waliweka feni ndani ya simu tangu 2019, na Apple kwenye iPhone 17 Pro ya 2025 wameweka chemba ya mvuke ya kusambaza joto. Inasaidia. Ila ukiangalia benchmaki (vipimo vya nguvu ya simu) za dakika mbili ukaamini simu imefikia PS fulani, jua umeona mbio fupi tu. Kidokezo kwa wenye Android, baadhi ya simu zina seting ya umeme kwenda moja kwa moja kwenye simu bila kupita kwenye betri, iwashe ukiwa unacheza na chaji, tofauti ya joto utaisikia mkononi, na kava toa.

Halafu vidole. Hapa ndo nina msimamo mkali zaidi. RE4 kwa kugusa skrini ni mateso, kidole gumba cha kushoto kinatembea, cha kulia kinatakiwa kilenge, kifyatue na bado kiwahi kisu pale mtu anapokurukia, na vidole vyenyewe vimeshafunika nusu ya picha uliyoilipia. Kwenye padi kisu kipo kitufe cha L1 cha juu kushoto, kidole cha shahada kinabonyeza huku gumba halijatoka kwenye analogi (kijiti cha kutembelea) hata kidogo, kwahiyo unazuia msumeno kwa wakati na unaendelea kutembea. Gemu ya namna hii ilibuniwa kwa mikono iliyoshika padi, ukiitoa padi umeivunja. Unganisha DualSense, padi ya PS5, kwa bluetooth, au ile padi ya kubana simu katikati kama Backbone One, na simu inageuka mashine nyingine kabisa, hapo ndo nikaanza kuiheshimu. Kuwa makini tu na padi za bei rahisi za mitaani, nilichukua moja kwenye duka fulani, analogi ya kushoto ikaanza kujitembeza yenyewe, mtu unasimama gemu inakupeleka ukutani.

Najua kuna vijana wanacheza Call of Duty Mobile kwa vidole vinne, wameinua mkono kama kucha, wanakuua kabla hujageuka. Hao nawavulia kofia. Ila angalia, gemu ile ilijengwa kwa ajili ya skrini tangu mwanzo, na ukichomeka padi inakupanga na wenye padi wenzako. Hiyo ni sanaa yake nyingine.

Kwenye Android yangu gemu iliyonishawishi kuliko zote ni GRID Autosport, ya mbio za magari. Ilitoka PS3 mwaka 2014, ikaja iOS 2017 na Android 2019, unalipa mara moja, hakuna matangazo, hakuna kusubiri mafuta yajae, magari na viwanja vyote vipo. Alien: Isolation, gemu ya kutisha, nayo iliingia kwenye simu Disemba 2021, na hii nakwambia kabisa, ukizima taa, ukavaa iafoni, padi mkononi, umelala kitandani, inatisha kuliko kwenye TV, maana skrini ipo karibu na uso na unasikia yule mdudu anatembea kwenye mabomba ya juu. Hapo simu imenipa kitu ambacho sebule haikunipa.

Sasa shida, gemu za hivi kwenye simu zinahesabika. Duka limejaa za bure ambazo zimetengenezwa zikutoe hela kidogo kidogo, na wachezaji wa simu wamezoea bure, kwahiyo RE4 ilipotoka na bei yake ya kawaida ya dola 59.99 mtu aliona wizi wakati mwenye PS alilipa hela hiyo hiyo bila kupepesa. Na ya bure inaweza kuondoka siku yoyote. Call of Duty: Warzone Mobile ilitoka Machi 2024, Mei 2025 ikaondolewa madukani, mwaka na miezi michache tu. Mi nina diski ya PS4 ambayo nimeshaicheza, nimeiazimisha, imerudi, nimeiweka kwenye PS5 na inafanya kazi. Hii ya kumiliki kitu chako watu hawaiweki kwenye hesabu na inaniuma kwakweli.

Mpira ndo usiseme. FC Mobile na FC ya PS (zile zilizokuwa zinaitwa FIFA) ni gemu mbili tofauti, ya simu imejengwa kwenye kadi na kufungua paketi za wachezaji, ya PS unamkalisha rafiki yako pembeni, kila mtu na padi yake, anayefungwa anatoka. Kila aliyekulia kwenye mabanda ya PS anajua ule msongamano wa watu nyuma ya mabenchi wakisubiri zamu, kelele za goli la dakika ya 90, mtu anarudisha padi huku anabisha offside. Simu ni ya mtu mmoja. Wikiendi washkaji wakija kwangu hakuna anayeuliza simu ziko wapi.

Ila simu ina vyake ambavyo PS haitaviweza. Umeme ukikatika mi naendelea. Basi la mkoani kutwa nzima, gemu zangu za PSP, ile mashine ndogo ya zamani ya Sony, zinakwenda safi hata kwenye simu ya kawaida kwa PPSSPP, emuleta yaani programu ya kuigiza mashine nyingine, na tangu Apple waruhusu emuleta 2024 hata wa iPhone wanaipata kwenye App Store. Halafu kuna Remote Play, hii ndo naitumia zaidi siku hizi, TV ikishikwa na tamthilia mi nachukua simu na padi naenda chumbani, gemu inaendeshwa na PS5 sebuleni, simu inaonyesha picha tu kupitia wifi ya ndani. Haichemki na betri inadumu. Sony wanasema kasi ya intaneti ya chini kabisa ni Mbps 5 na wanapendekeza 15, ila kwa wifi ya nyumba moja cha msingi ni ruta iwe karibu.

Kwa upande wa hela, iPhone 15 Pro ilianza kuuzwa dola 999, PS5 ya diski ilianza dola 499, Backbone dola 99. Kwahiyo kununua simu ya bei hiyo kwa ajili ya gemu mi siafiki kabisa, chukua PS, chenji inayobaki inatosha simu nzuri ya kawaida. Lakini kama simu kali tayari unayo kwa shughuli zako, na unapenda gemu za stori za kucheza peke yako, usikimbilie kununua Switch, nunua padi nzuri kwanza. Na kwa wa iPhone kuanzia 15 Pro, Village na RE4 sehemu ya mwanzo ni bure, shusha kwa wifi maana zinakula bando, unganisha padi, funga fremu 30, cheza mfululizo mpaka simu ichemke kweli kweli, hapo uone kama bado unaifurahia ndo ulipie iliyobaki.